Hasimu Rasmi wa Sikudhani

“Na hiyo kamba ukiitundikia tena mashuka yako yasiyokamuliwa, naikata,” alisema Kidawa.

“Ikate,” alijibu Sikudhani. “Aliyeifunga ni baba yangu, Mungu amrehemu, alipokuonea huruma huna pa kuanika hata leso.”

Mpaka hapo hakuna aliyetoka nje kutazama. Ulikuwa ugomvi wa asubuhi, wa kawaida, na watu walikuwa wanapiga mswaki huku wakiusikiliza kama taarifa ya habari. Kidawa alisimama uani kwake na mwiko wa kukaangia mihogo. Sikudhani alikuwa uani kwake, tayari amevaa sare ya kiwanda. Kati yao palikuwa na ukuta wa matofali unaofika kifuani. Walishamaliza habari ya kuku, wakamaliza maji ya kuoshea vyombo yanayotiririkia upande usio wake, na sasa walikuwa kwenye kamba. Baada ya kamba huwa unafuata moshi wa mihogo, na baada ya moshi kila mtu anakwenda kazini kwake.

Siku hiyo moshi haukufuata. Sijui Kidawa aliishiwa, sijui ulimi uliteleza. Alisema, kwa sauti ile ile ya kamba:

“Ndiyo maana mumeo aliondoka umelala, viatu kavibeba mkononi usije ukaamka.”

Miswaki ikasimama vinywani mtaa mzima, maana hilo hatukulijua. Tulichokuwa tunajua sisi ni kwamba mume wa Sikudhani alikwenda kusini kutafuta kazi, na kazi ya kusini, kama mnavyojua, hutafutwa polepole. Habari ya viatu mkononi aliambiwa mtu mmoja tu duniani, na aliambiwa siku alipokuwa bado anakula sahani moja na aliyemwambia.

Sikudhani aliingia ndani, akarudishia mlango taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

* * *

Wewe uliyezaliwa katika nchi ya kawaida utaniuliza wanawake wawili wanaokula sahani moja wanagombania nini kila asubuhi. Nitakueleza, ila usilirudie jina langu.

Kwetu serikali inatupenda sana, na anayekupenda hukuuliza ulikuwa wapi. Zamani mfanyakazi akiugua alikuwa anaugua tu. Anaamka na homa, anatuma mtu kazini aseme fulani ana homa, anarudi kujifunika. Wizara ya Uzima ilipouchunguza utaratibu huo ilikuta una kasoro kubwa: ulikuwa unamwamini mtu.

Basi likaja sharti la kwanza, la taarifa. Mfanyakazi ataarifu ugonjwa wake kabla haujamshika, ili kazi isipate mshtuko. Mtu mmoja mjinga aliuliza redioni, sasa mtu atajuaje. Waziri akamjibu kwa upole kwamba mwananchi makini anaujua mwili wake kama anavyoijua nyumba yake, na kwamba ugonjwa wa ghafla ni utovu wa nidhamu. Mtu yule hatujamsikia tena redioni, labda alibadilisha stesheni. Sisi tukazoea. Kila mwezi ukiandama watu walijipanga kwa wasimamizi wao kuomba magonjwa. Msimamizi anakwambia malaria zimejaa mwezi huu, chukua tumbo. Mwenye bahati anapewa mafua, anashukuru, anatoka akijikoholesha kidogo kidogo ili azoee.

Sharti la pili lilikuwa la ushahidi, na hilo ndilo lililotuharibia mitaa. Mwanzo walikubali cheti cha daktari, mpaka ikagundulika kwamba madaktari wana tabia ya kuwasikiliza wagonjwa. Wakakubali neno la ndugu, lakini ndugu ana huruma. Wakakubali neno la rafiki, lakini rafiki atakwambia mtu yuko kufani na huku anamwona anacheza ngoma. Ikaundwa tume. Tume ikakaa hotelini muda mrefu ikimtafuta mtu asiyeweza kukudanganyia kwa mapenzi, na ilipomaliza chakula cha hoteli ikatoka na jibu moja: adui yako.

Waziri alilitangaza uwanjani, amevaa suti nyeupe, kofia nyeupe na viatu vyeupe, mpaka tukadhani anakwenda kuzikwa.

“Ndugu wananchi,” alisema, “ushahidi wa rafiki ni urafiki. Ushahidi wa adui ndio ushahidi. Kuanzia leo kila mfanyakazi awe na adui mmoja, aliye hai, mwenye akili timamu, na anayeishi jirani. Serikali yenu haiwezi kuwatafutia kila kitu.”

Tukapiga makofi, kwa sababu wasiopiga walikuwa wanatazamwa.

Na msidhani wakubwa walijitoa. Waziri mwenyewe alipoumwa mgongo akatakiwa kwenda kulazwa nje ya nchi, alifuata taratibu zote. Hasimu wake alikuwa mpinzani mmoja ambaye yeye Waziri alimfunga gerezani. Walimfuata huko huko, wakamwuliza kama Mheshimiwa anaumwa kweli. Yule bwana alithibitisha kwa moyo mkunjufu, akasema anaumwa sana, na akaomba iandikwe kwamba anamwombea azidi. Ushahidi ule ulisifiwa na Wizara kuwa wa mfano.

* * *

Sasa sisi watu wadogo adui tutampata wapi? Mtaa wetu ulikuwa wa kuazimana chumvi. Ilibidi tufanye kama tulivyofanya siku zote serikali ilipotutaka tuwe na kitu tusichokuwa nacho: tukakitengeneza.

Uhasama ulifungwa mbele ya mjumbe wa mtaa wetu, Mzee Mwinchande, kama inavyofungwa ndoa. Mnakaa mkekani, kila mmoja amempa kisogo mwenzake. Mzee Mwinchande anauliza kama unamchukia huyu bila kulazimishwa. Unajibu unamchukia. Anauliza kwa sababu gani, unataja: kuku, maji, kamba, chochote. Wanawake wanapiga vigelegele, kahawa inapita. Mwanzoni ilipita na haluwa, mpaka Wizara ikakataza haluwa kwenye shughuli hizo, kwamba utamu unapotosha nia. Tukabaki na kahawa chungu.

Kidawa na Sikudhani walichaguana hata kabla mjumbe hajamaliza kueleza. Walikuwa wamekua pamoja, wamefiwa pamoja, na sufuria zao zilizunguka juu ya ule ukuta mpaka hakuna aliyekumbuka ipi ya nani. Kidawa, kwa kweli, hakuhitaji hasimu. Alikuwa anakaanga mihogo kibarazani kwake, na mtu wa mihogo hana likizo ya ugonjwa, hana hata ya kufa. Alikubali kwa ajili ya mwenzake tu, aliyeajiriwa kiwanda cha bendera cha serikali.

Ila uhasama ukishafungwa unatakiwa kuhuishwa. Ni lazima mgombane kila asubuhi, kwa sauti inayofika kwa mjumbe, la sivyo unahesabiwa umekufa. Ndipo mitaa yetu ikawa kama mlivyosikia. Mgeni akipita alfajiri anadhani nyumba zinaungua. Kina Mzee Shomari na mwenzake Pazi, waliocheza karata kibaraza kimoja tangu ujana wao, walilazimika kucheza dirishani, mmoja ndani mmoja nje, pazia katikati, kila mmoja akimtuhumu mwenzake kuiba. Na pazia lile lilisaidia sana wizi.

Ubaya ukawa huu: hakuna tena aliyejua lipi la kweli. Jirani akikwambia una roho mbaya, unacheka naye, halafu ukiingia ndani unakaa kitandani unajiuliza. Akikusalimia vizuri ndiyo unaogopa zaidi, unafikiri ametumwa. Wakwe walianza kuchunguzana. Hata msikitini mtu alikuwa anageuka kwanza kutazama aliyesimama naye bega kwa bega.

* * *

Baada ya lile neno la viatu, Kidawa na Sikudhani waliacha kugombana.

Asubuhi iliyofuata tulitoka na miswaki yetu, tukasubiri. Sikudhani alipita kimya, macho mbele. Kidawa alikuwa ameinamia karai lake la mafuta, hakuinua kichwa. Kuku walivuka ukuta, hakuna aliyewasema. Siku nyingine vile vile.

Na hapo ndipo sheria yetu ilipoonyesha hekima yake. Miaka yote waliyopendana serikali iliwajua kuwa maadui, na siku waliyochukiana kweli, Wizara ikapata taarifa kwamba wale wanawake wawili wamekaa kimya sana, na kwamba kuna kila dalili ya mapatano. Nani alipeleka taarifa hiyo siwezi kusema. Mtaa wetu una watu wengi na kuta zake ni fupi.

Katikati ya kimya hicho Bi Nunu, mama yake Sikudhani, akaanguka bafuni. Alipoinuliwa, upande wake wa kushoto ulikuwa umekataa kumtii. Mkono hauinuki, mguu hauendi, na maneno yanatoka nusu nusu. Mgonjwa wa namna ile anataka mtu wa kumgeuza, kumlisha na kumshika mkono anapolia. Bi Nunu hakuwa na mtu mwingine ila huyo mmoja.

Sikudhani alikwenda kwa msimamizi wake, Bwana Kilumbe, kuomba likizo ya kuuguza. Bwana Kilumbe si mtu mbaya. Alimpa pole, akamwuliza kama alitoa taarifa mapema. Alitoa, mwezi ulipoandama, kwa niaba ya mama. Bwana Kilumbe akatazama daftari lake, akasikitika. Aliomba homa, na kilichokuja ni kiharusi. Ugonjwa uliofika siyo ulioagizwa. Tena wakati wenyewe mbaya, mgeni wa taifa anakuja, barabara nzima ya uwanja wa ndege inataka bendera. Hata hivyo alikuwa tayari kulifumbia macho hilo la taarifa, mradi la ushahidi litimie. Mkaguzi atakwenda. Hasimu wako akithibitisha, unakaa na mama yako mpaka Mungu atakapoamua. Asipothibitisha, cherehani yako haiwezi kukaa bure, atakalishwa mwingine.

Kwa hiyo mambo yalisimama hapo. Mama yake angebaki peke yake kutwa nzima au asingebaki, na neno la kuamua lilikuwa kinywani mwa Kidawa, mtu pekee ambaye Sikudhani aliapa hataongea naye tena.

* * *

Huku anamsubiri mkaguzi ilimbidi aendelee kwenda kiwandani. Anaacha uji kwenye chupa ya chai karibu na kitanda, anaacha mlango wa uani umerudishiwa, anakwenda kushona bendera na moyo ukiwa nyumbani. Akirudi jioni anakuta uji haukuguswa, na mama ameshiba. Shuka limebadilishwa. Nywele zimesukwa mabutu mawili, zimetiwa mafuta.

Alipomwuliza mama yake ni nani, Bi Nunu alitazama darini. Kiharusi kilimwachia maneno machache, na hilo hakutaka kulitumia.

Sikudhani akaingiwa na hofu. Katika nchi yetu mtu akikufanyia wema bila kujitaja, unafunga milango. Aliamini ni watu wa Wizara, wanakuja kuangalia kama mgonjwa kweli hawezi kula mwenyewe. Alituuliza sisi majirani, mmoja mmoja, akitutazama mikono. Sisi tulisema hatujaona mtu. Tulikuwa tumeona, bila shaka. Kila mchana, mihogo ikishapoa, mtu fulani mwenye harufu ya mafuta ya kukaangia alikuwa anaruka ule ukuta unaofika kifuani, na umri wake si wa kuruka kuta. Lakini ungesema vipi? Hasimu rasmi akiingia kwa hasimu wake kwa wema, uhasama umekufa, na likizo imekufa nayo. Tulinyamaza kwa kumpenda Sikudhani, na yeye akazidi kutushuku kwa kunyamaza kwetu.

Jioni moja alirudi akakuta mkononi mwa mama yake kipande cha muhogo uliopondwa laini, kama wa kumlishia mtoto. Alikaa nacho muda mrefu. Hakuuliza tena.

* * *

Mkaguzi Chitemo alifika Jumamosi, jua likiwa limeanza kulala. Alikuja na kigoda chake cha kukunja na chupa yake ya maji, maana mkaguzi haketi kwenye kiti cha mtu wala hanywi maji ya nyumba anayoikagua. Maji ni mwanzo wa undugu. Aliketi katikati ya njia, mbele ya zile nyumba mbili, na sisi tukajaa pande zote, wengine juu ya ndoo, wengine wamebeba watoto. Mtu asiyejua angedhani kuna harusi.

Kwanza alitusomea sifa za Wizara. Kisha akaingia ndani kumwona Bi Nunu, akatoka, akasema kwamba yeye binafsi amemwona mgonjwa, na ni mgonjwa sana, lakini macho ya mkaguzi si ushahidi. Akamwita Kidawa.

Kidawa akaja na kanga yake ya mihogo, madoa ya mafuta mbele. Akaulizwa kama mama wa huyu mwanamke anaumwa. Akasema anaumwa. Mkaguzi akatabasamu, akamwuliza amejuaje. Tukaona mtego. Kama hakuingia ndani, hajui. Kama aliingia, basi ni rafiki.

Kidawa hakusita. Alisema alichungulia dirishani.

“Kwa nia gani?”

“Nifurahie.”

“Na ulifurahi?”

“Sana.”

Mkaguzi alipendezwa. Alitugeukia akatuambia hiyo ndiyo aina ya raia ambayo taifa linaihitaji. Mzee Mwinchande akaitikia kwa kichwa. Sisi tukaanza kupumua. Sikudhani alikuwa amesimama mlangoni kwake, amejifunga kanga kiunoni, hamtazami Kidawa wala hatutazami sisi.

Lakini Mkaguzi hakuinuka kigodani. Alisema kuna jambo dogo limebaki. Wizara imesikia kwamba nyumba hizi mbili zimekuwa na kimya cha mashaka. Mahasimu wazuri hawanyamazi. Yeye hana shaka na uhasama wao, Mungu apishe mbali, anataka kuusikia tu kwa masikio yake, ili aondoke na roho safi.

Akawaomba wagombane.

Wakatazamana kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Tukangoja. Mtu mmoja nyuma yangu alinong'ona, kuku, Kidawa, taja kuku. Kidawa alifungua mdomo akasema jambo fulani juu ya kuku, kwa sauti ndogo, kama anayesoma dua aliyoisahau. Sikudhani akasema kuku wenyewe walishakufa. Ikaishia hapo.

Mkaguzi akatikisa kichwa kwa huzuni. Ule haukuwa ugomvi. Alisema anafahamu, kwa njia zake, kwamba mara ya mwisho lilitoka tusi moja la kiwango cha juu, ambalo lilinyamazisha mtaa mzima. Lilihusu mume. Lilihusu viatu. Anachotaka ni kitu kidogo sana: bibi alirudie lile, hapa, kwa sauti, mbele ya mwenyewe. Akilirudia, ushahidi umekamilika, na mama yule atauguzwa na mwanawe kuanzia kesho.

Tukasikia mafuta yanachemka kwenye karai la Kidawa. Nilimwona Sikudhani anakaza meno. Nilielewa anajiandaa kupokea. Alimwinulia Kidawa kidevu kidogo, kama mtu anayemwambia mwenzake piga tu, nimeshajishika.

“Silirudii,” alisema Kidawa.

“Hulikumbuki?”

“Nalikumbuka. Halikuwa langu. Alinipa nimtunzie.”

Mkaguzi alimweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba kwa kumwonea huruma hasimu wake amevunja uhasama hadharani, kwamba ushahidi wake wote wa mwanzo umebatilika, furaha ya dirishani ikiwemo, na kwamba mwenye kuumia ni yule pale mlangoni. Akampa nafasi ya mwisho. Kidawa akakaa chini pale pale vumbini, akafunika uso na ile kanga yenye mafuta.

Basi. Mkaguzi Chitemo akasimama, akatangaza kwamba likizo ya kuuguza imekataliwa kwa kukosa adui wa kuaminika. Sikudhani atafika kiwandani kama kawaida, bendera hazijishoni. Halafu akaanza kukunja kigoda chake, ambacho kiligoma kukunjika, na Mzee Mwinchande akamsaidia, na hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine tungecheka.

Sikudhani alitoka mlangoni. Alipita mbele ya mkaguzi kana kwamba pale pana mti. Akasimama mbele ya Kidawa, akamtazama muda kidogo, na sisi tuliokuwa karibu tulidhani sasa atapiga.

“Kesho naondoka asubuhi,” alisema. “Mlango wa mbele nitakuachia wazi. Usiruke tena ukuta, utavunjika mguu, na wawili siwawezi.”

Kidawa akainua uso, akamtazama mkaguzi, akamtazama yeye. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba huyo mtu bado yupo, anasikia.

“Na asikie.” Sikudhani alimshika mkono akamwinua. “Nimepika ndizi. Mama hakubali kulishwa na mtu mwingine siku hizi ila wewe, mimi ananitemea. Ingia ndani, tule.”